Nukta na Neno Lililopakwa Rangi

Siku ya kwanza nilipokaa meza moja na Nukta alinitia wasiwasi, kwa sababu hakutaja bei.

Mimi nimekulia katika kuuza na kununua. Nilianza na sanduku moja la barafu, nikiwauzia wachuuzi wa samaki vipande vipande mpaka wakanibandika jina la Mama Barafu, na sasa jina hilo limeandikwa kwenye ukuta wa ghala langu lenye vyumba sita vya baridi. Watu hukodi rafu humo: wa nyama, wa maziwa, wa matunda, wa maua. Bei anayoanza nayo mtu hunieleza habari zake nyingi kuliko anavyotaka nizijue. Anayeanza juu sana hana hakika na bidhaa yake. Anayeanza chini sana kuna mtu anamkalia kooni nyumbani. Asiyetaja kabisa anataka kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho huwa ghali.

Nilimwita kwa sababu nilichoka kula hasara. Kila chumba kilikuwa na kipimajoto mlangoni, na kazi ya kupita kuvisoma ilikuwa ya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyekuwa ofisini pale tangu mume wangu yu hai na aliyekichukulia kiti chake kama urithi. Wifi alipita pale alipojisikia kupita. Magoti yakimuuma, vyumba vilisubiri magoti yapone. Basi nikasikia kuna mtu katika duka la uchapaji anayezifanya kompyuta zifanye kazi bila kusimamiwa. Wateja walimwita Nukta kwa sababu aliwahi kusimamisha mashine nzima ya kuchapa kwa ajili ya nukta moja iliyokaa pasipo pake. Nikasema, huyo hasa ndiye ninayemtaka; wa kunisumbua kwa vitu vidogo ili vikubwa visinisumbue.

Alikuja na begi la mgongoni ambalo mkanda wake mmoja ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa nailoni, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Mtu mwembamba, wa makamo, mzito wa kuongea.

"Kazi hii utaifanya kwa kiasi gani?" nikamuuliza.

"Ngoja kwanza niione, mama."

"Si umeshaiona? Vyumba sita, milango sita. Siyo meli hii."

"Nimeona milango. Sijaona kinachotokea umeme ukikatika."

Akazunguka. Aligusa mabomba kwa kiganja kama daktari anayempima mtoto homa. Aliuliza nani yupo Jumapili, mlango hukaa wazi muda gani lori likipakua, jenereta huwashwa na nani, na huyo akiwa msalani je? Nimeshaona mafundi wengi wanaokuja kutazama ukubwa wa geti ili wajue wapandishe bei kiasi gani. Huyu geti hakulitazama kabisa.

Aliporudi mezani akasema, "Mshahara wa kula tutaelewana, mama, hata ukiwa mdogo. Ninachotaka ni sehemu."

"Sehemu ya nini?"

"Ya ghala. Ndogo tu. Lakini iwe yangu."

Nilicheka mpaka Wifi akachungulia kutoka chumba cha pembeni kuuliza kama nimepaliwa.

"Njoo umwone," nikamwambia. "Bwana huyu amekuja kutengeneza saa, anataka na ukuta."

Nukta hakukasirika. Alingoja nimalize kucheka, kisha akanieleza habari zake bila kutia chumvi. Ujanani alikuwa akilinda kibanda cha intaneti cha mtu. Mwenye kibanda akakiuza, mashine na kila kitu, na yeye akajikuta nje. Akaingia kwenye kampuni ya usafirishaji. Huko aliandika mwenyewe programu yote ya kufuatilia mizigo, tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, na kampuni nayo ikauzwa, programu ikiwemo ndani yake kama feni za dari. Siku ya kuondoka walimnyang'anya kitambulisho.

"Hata kikombe changu cha chai," akasema, "waliniuliza kama nina risiti."

Hapo hata Wifi alicheka. Nukta naye akatabasamu, lakini akaendelea. Alisema baba mkwe wake, kila familia inapokutana, humuuliza mbele ya watu swali lilelile: "Sasa mkwe, wewe una nini chako?" Na kila mara yeye hujibu kwamba ana kazi. Na mzee husema, "Kazi ni ya mwenye kazi. Nimekuuliza chako."

Mimi simwonei mtu huruma mezani. Meza si mahali pake. Lakini nilielewa ninanunua nini. Mtu anayetaka mshahara atafanya kazi mpaka jioni. Mtu anayetaka kumjibu baba mkwe hatalala chumba kikipata joto. Nikamwambia sehemu haitolewi kwa maneno, inatolewa kwa mwaka. Mwaka mzima mtambo wake ulinde vyumba vyangu. Joto likipanda, mtambo ukapiga kelele, na watu wakazembea, hilo si lake. Umeme ukikatika na jenereta ikagoma, hilo nalo si lake. Lakini joto likipanda na mtambo wake ukanyamaza, mzigo wa mteja ukaharibika, basi hakuna sehemu, wala hakuna kulalamika.

"Mtambo ukinyamaza," Nukta akarudia.

"Ukinyamaza."

Tukapeana mkono. Wifi akasema yeye ndiye shahidi, na kwamba kazi ya ushahidi huanza na soda baridi.

*

Nitasema ukweli wa kazi yake, kwa sababu nimelipia kazi nyingi mbovu na ninajua tofauti. Alitandaza nyaya kutoka kila chumba, zikapita juu ya dari kwa unyoofu hadi ungedhani zimepigwa kwa rula. Akaweka kompyuta moja ya zamani ofisini, na mbele ya kiti cha Wifi akaweka skrini. Kisha akaandika programu mbili, na ninazieleza hapa kwa sababu bila kuzielewa hakuna kitakachoeleweka.

Ya kwanza iliuliza vipimajoto, ikaandika kwa kila chumba neno moja: SALAMA, au JOTO. Basi. Ya pili ilikuwa skripti fupi, mistari michache ya amri, kazi yake kulisoma neno hilo na kulilinganisha. Kama neno ni JOTO, isubiri kidogo, maana mlango ukifunguliwa kupakua mzigo joto hupanda kisha hushuka lenyewe. Na likiendelea kuwa JOTO, ilize king'ora kilichokuwa juu ya paa na ipige simu yangu. Kama neno si JOTO, ikae kimya. Nukta aliipenda hiyo ya pili kwa ufupi wake. Alisema kadiri programu inavyokuwa fupi ndivyo inavyokosa mahali pa kuficha kosa.

Na ilifanya kazi. King'ora kilipolia mara ya kwanza, mpagazi mmoja aliangusha kreti ya maziwa na Wifi akajikuta nje ya geti, kiatu kimoja mguuni. Ilikuwa feni ya chumba cha tano imekwama. Tuliihamisha nyama ikiwa bado ngumu kama jiwe. Baada ya hapo kililia tena, na tena, na kila mara kilisema kweli. Nikaanza kwenda kwenye misiba na harusi za watu bila kuwaza ghala. Nikapandisha bei za rafu, wateja wakalipa, kwa sababu niliwaambia mzigo wenu unalindwa na kitu kisichoumwa magoti.

"Nimekusikia," Wifi alisema.

"Nimesema magoti tu, wifi. Sikutaja ya nani."

Nukta alibadilika kidogo kidogo mwaka ulivyokuwa ukisogea. Alianza kuokota misumari uani na kuirudisha kwenye kopo. Alimkaripia dereva aliyegonga nguzo ya geti kwa tela, kwa sauti ambayo hatukujua anayo. Siku moja nilimkuta anasugua kutu kwenye bawaba ya chumba cha pili, kazi ambayo wala si yake, nikamwambia, "Huo mlango ni wangu bado." Akasema, "Najua, mama. Najizoeza tu." Mke wake alikuja mara moja kumletea chakula, akasimama uani akitazama ukuta mzima, toka pembe hii mpaka ile, kama mtu anayepima kitambaa. Kwa hesabu yangu sehemu ile ilikuwa imeshaondoka mikononi mwangu, na sikuona kama nimepunjwa.

Lililoharibu mambo lilianzia kwa Wifi, na lilianza kwa wema.

Macho ya Wifi yalikuwa yamechoka, na miwani hakutaka kuisikia. Kutoka kwenye kiti chake aliiona skrini, maneno hakuyaona.

"Nukta, mwanangu," alimwambia asubuhi moja, "hayo maneno yako kutoka hapa ni sisimizi waliojipanga. SALAMA ipi, JOTO ipi, mimi sijui."

"Sogeza kiti, shangazi."

"Kiti hiki hakijawahi kusogezwa."

"Vaa miwani basi," nikaingilia.

"Miwani ni ya wazee."

"Na wewe ni nani, bibi harusi?"

Wifi akanipa kisogo, akamgeukia Nukta. "Mwanangu, huwezi kuniwekea rangi? Zuri liwe kijani, baya liwe jekundu. Nitaliona hata nikiwa mlangoni."

Nukta alisema anaweza, ni kazi ndogo. Na kweli ilikuwa ndogo; alipokwenda kula mchana alikuwa ameshaimaliza. Ila palikuwa na ukaidi mmoja. Neno halikwenda moja kwa moja kwenye skrini ya Wifi. Lilipitia kwanza kwenye programu nyingine iliyoyapanga maneno katika safu. Na programu za namna ile zimefunzwa adabu: zikiona kwamba zinaiandikia programu nyingine, siyo skrini yenyewe, huacha kupaka rangi. Nukta alihangaika nayo, mwishowe akailazimisha. Akaiambia paka rangi daima, yeyote awaye anayesoma.

Kisha akaita watu waone. Akashika kipimajoto cha chumba cha tatu katika kiganja chake, na kwenye skrini neno la kijani likageuka JOTO, jekundu kama pilipili. Wifi akapiga makofi. Wapagazi wakaja, mmoja akaomba aonyeshwe tena, Nukta akaonyesha tena, akiwa na haya kidogo, akifurahi. Wifi akaagiza soda kwa hela yake mwenyewe, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Na king'ora?" nikauliza.

"King'ora sijakigusa, mama."

Na alisema kweli. Hakukigusa. Alikiachia kipimajoto kabla ya ile subira kwisha, neno likarudi kijani, sote tukanywa soda zetu.

*

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mteja wangu wa maua, mwanamke anayepamba kumbi, alikuwa ameweka chumba cha tatu maua ya sherehe kubwa ya jioni ile, rafu zote, mpaka sakafuni. Tulikuja naye pamoja kwenye gari langu kuyachukua. Njiani alinieleza kwamba kazi hii akiifanya vizuri atapewa kumbi zote za mwenye hoteli itakakofanyika sherehe ile. Nikafungua mlango wa chumba cha tatu, na badala ya baridi kunipiga usoni, ilitoka hewa ya vuguvugu, nzito, yenye harufu tamu ya kitu kinachooza.

Yule mama hakupiga kelele. Aliingia, akachukua ua moja, likamvunjikia mkononi. Akachukua jingine.

"Mama Barafu," akasema, "mimi nawapelekea watu nini leo?"

Nikakimbilia ofisini. Kiti cha Wifi kitupu. Na kwenye skrini, safu ya tatu, neno jekundu linawaka: JOTO. Lilikuwa limewaka hivyo muda wote. Wifi akaja akihema kutoka getini, mkononi ana hati za lori la maziwa.

"Ulikuwa wapi?"

"Getini! Napokea mzigo wako!"

"Neno liko pale jekundu, wewe uko getini?"

"King'ora hakikulia!"

"Kililia, ukakizima. Kuna kitufe pale. Umekizima ili uzungumze na simu yako, kama kawaida yako."

"Mimi? Mimi nikizime?" Alizitupa hati mezani. "Waulize wapagazi!"

Niliwauliza. Wakasema hawakusikia king'ora. Simu yangu nayo haikuwa imeita, lakini hilo nililisukumia mtandao. Lakini wapagazi hula chakula anachopika Wifi, na ushahidi wa mtu aliyeshiba kwako mimi siununui. Nilimwambia Wifi achukue mkoba wake aende nyumbani, na asirudi mpaka nimwite, na kwamba sidhani kama nitamwita. Alikaa kwenye kile kiti chake, mkoba mapajani, hakuondoka. Sijapata kumwona Wifi amenyamaza namna ile, hata siku tulipomzika kaka yake.

Nukta alifika akiwa na shati la nyumbani. Nikampa habari nzima, nikamalizia na lililomhusu. "Wewe usihofu. Mtambo umesema, mtu hakusikiliza. Makubaliano yetu yako palepale."

Aliingia chumba cha tatu, akaona feni imesimama, akaona maua. Kisha akaenda kwenye kompyuta. Kwanza alikiliza king'ora kwa mkono. Kikalia, tukaziba masikio. Kwa hiyo king'ora kizima. Akafungua lile dirisha jeusi anamoandikia amri, akainama.

Mimi nilikuwa nje na mama wa maua, tunatafutana bei ya hasara, na hiyo ni kazi inayotaka akili yote. Sikumwangalia Nukta. Hakuna aliyemwangalia, isipokuwa Wifi, na Wifi hakuyaona maandishi yale hata kidogo. Nalisema hili kwa sababu ndilo lenyewe: kama angefuta alichokiona na kurekebisha mstari mmoja, akafunga dirisha, hakuna mtu duniani angejua. Wifi angeenda nyumbani. Sehemu ingekuwa yake.

Aliniita. "Mama, njoo. Na wewe shangazi, tafadhali."

Tukasimama nyuma yake.

"Nimelichukua neno lililoandikwa na programu ya kwanza," akasema, "nikaliweka mbele ya skripti, nikaiuliza: hili ni JOTO? Ikasema hapana."

"Lakini ni JOTO," nikasema. "Naliona."

"Unaliona kwa macho. Sasa tazama skripti inavyoliona." Akaandika amri ya kuonyesha hata vile ambavyo skrini huvificha, na neno likatoka hivi:

^[[31mJOTO^[[0m

"Hiyo takataka ni nini?"

"Ni rangi, mama. Rangi haikai kwenye herufi kama wino. Kabla ya neno kuna alama zinazoiambia skrini, anza nyekundu. Baada ya neno kuna nyingine, acha. Skrini inazimeza, sisi tunaona wekundu tu. Skripti haimezi kitu. Imeambiwa itafute JOTO tupu, herufi nne. Ikaletewa hii."

Nikaielewa kwa namna yangu. Umemwambia mlinzi amfungulie mtu mwenye shati jeupe. Mtu amekuja na shati jeupe ndani ya koti. Mlinzi hakukosea, amefanya alivyoagizwa.

"Kwa hiyo hakikulia," Wifi akasema polepole.

"Hakikulia, shangazi. Tangu siku ile ya rangi king'ora hakikuwa na uwezo wa kulia. Chumba chochote kingeweza kupata moto, king'ora kingekaa kimya." Akageuka. "Mama, shangazi hana kosa. Ni mimi."

Nilimuuliza kama anajua anachokisema kinamgharimu nini.

"Najua. Nilikuwepo tulipopeana mkono."

Wifi alisimama, mkoba ukaanguka. "Basi ni mimi niliyetaka rangi! Mimi ndiye niliyemsumbua mtoto wa watu! Mpe sehemu yake, tena mimi ni shahidi!"

"Wewe ulitaka rangi, wifi. Hukumwambia asisubiri king'ora."

"Ah! Una roho ya barafu kweli, hawakukosea waliokuita!"

"Mwache, shangazi," Nukta akasema. "Anasema sawa." Alikuwa anatazama mikono yake juu ya kibodi. "Nilipaka rangi, nikatazama rangi. Watu wakapiga makofi, nikafurahi. Ilitakiwa nikishike kile kipimajoto muda kidogo tu zaidi. Sikushika. Nilisema sijakigusa king'ora, nikajiridhisha na hilo."

Akarekebisha. Kilikuwa kitu kidogo hadi kinatia uchungu: mstari mmoja unaolivua neno rangi zake kabla ya kulilinganisha, na mwingine unaoiambia programu ya kwanza isimpake rangi mtu yeyote isipokuwa skrini ya Wifi. Kisha akaenda chumba cha tatu, akashika kipimajoto. Tulisimama uani sote, wapagazi, Wifi, mama wa maua na ua lake mkononi. Subira ile ni fupi, lakini siku hiyo ilikuwa ndefu kama ibada. Kisha king'ora kikalia juu ya vichwa vyetu, na simu yangu ikatetemeka mfukoni, na Nukta hakutoka. Kililia mpaka nikaenda kukizima mwenyewe. Nilimkuta bado ameshika kipimajoto, ameupa mlango mgongo, nikarudi nje.

*

Mama wa maua nilimlipa. Alinikamua, na mimi ningefanya vilevile. Alipeleka ukumbini maua ya kuokoteza kutoka kwa wenzake, na kumbi za mwenye hoteli akapewa mtu mwingine.

Wiki iliyofuata nilimwita Nukta mezani. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Sehemu siwezi kumpa, kwa sababu makubaliano yakivunjika mara moja kwa huruma, kesho kila mtu atakuja na machozi yake badala ya mzigo. Lakini mwaka mwingine naweza kumpa. Nikamwambia tuanze upya, masharti yaleyale, na mshahara nauongeza. Kwa kipimo changu ilikuwa bei nzuri sana, na sikuwa nimeombwa.

Alinishukuru kwanza. Kisha akasema, "Hapana, mama."

"Unataka nini juu yake?"

"Sitaki kitu juu yake. Mwaka huu nilifanya kazi hapa kama kwangu. Ukinipa mwingine nitaufanya kwa woga, naamka nagusa kila waya. Ghala haliwezi kulindwa na mtu anayetetemeka."

"Utaacha kutetemeka baada ya mwezi."

"Labda. Lakini nimeshamwambia baba mkwe."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba ningekuwa nacho." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. "Hakuniuliza chochote, mama. Safari hii hakuniuliza. Alinijazia sahani tu."

Nilimbembeleza kwa njia ninazozijua, na ninazijua nyingi. Nilipandisha mshahara, nikashusha mwaka ukawa nusu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sina cha kumuuzia. Alichokuwa akikitaka kwangu kilikuwa kimoja, na nilikuwa nimekikatalia. Alikaa mpaka nikapata fundi mwingine, akamfundisha kila waya, akamsisitizia jambo moja hadi kijana wa watu akachoka: ukibadilisha chochote, hata kama ni urembo, subiri king'ora mpaka kilie. Kisha akavaa begi lake akaenda.

Sasa yuko katika kampuni moja kubwa ya bima, ghorofani, mahali pa kuingia kwa kadi. Mke wake hukutana na Wifi sokoni, na habari hunifikia. Mshahara mzuri, matibabu ya familia nzima, viti vya kuzunguka. Huandika programu ambazo si zake kwa ajili ya watu asiowajua, na anazijaribu mpaka wakubwa zake humuuliza anachelewa nini. Watoto wanasoma vizuri. Kwenye mikutano ya familia, mke wake anasema, siku hizi Nukta ndiye wa kwanza kuondoka.

Mimi niliendelea na ghala, na ile sehemu nikabaki nayo, nzima. Sikukaa nayo muda mrefu. Kompresa kuu, ile inayozalisha baridi ya vyumba, ilikufa, na ya pili ikaugua kwa kuihurumia ya kwanza, na benki wakanitajia riba ya kumtoa mtu machozi. Ikabidi niuze sehemu ya ghala. Aliyenunua ni tajiri wa saruji, na alichukua kipande kikubwa kuliko kile kidogo alichokuwa akikiomba Nukta siku ile nikacheka mpaka nikapaliwa. Huja mara kwa mara na gari lake, haingii uani kwa sababu ya viatu. Anataka king'ora kiondolewe, kinawashtua wateja. Anataka Wifi apunguzwe. Kila mara naketi naye mezani kutetea kitu ambacho zamani nisingehitaji kukitetea, na kila mara natoka nimepoteza kidogo: leo mpagazi mmoja, kesho mafuta ya jenereta.

Wifi kiti chake bado anacho, kwa sasa. Mama wa maua alirudi, kwa bei aliyoitaja yeye, siyo mimi. Nukta alipata kazi ya mtu mwingine, njema kuliko zote alizowahi kupata. Nami nina mshirika, mwenye hati, mwenye mhuri, na mwenye wakili, asiyejua chumba cha tatu kina mlango upande gani.